Sura ya Saba: Hakuna Flash Iliyoingia

Majibu yalikuwa manane, na yote yalikuwa jibu moja. Inspekta Léoncie aliyasoma tena Ijumaa hiyo asubuhi kabla hata ya kuweka mkoba chini. Wafanyakazi wanane wa shirika la Turabarondera, kila mmoja peke yake, mlango umefungwa, walikuwa wameulizwa: nani aliingiza flash katika kompyuta za ofisi? Wote wakasema hakuna flash iliyoingia. Mmoja aliapa mpaka akamtaja mama yake mzazi. Léoncie alikuwa na miaka ishirini na miwili katika upelelezi, na waongo aliwajua kama mtu anavyowajua mashemeji zake. Waongo wanane wangemletea uongo wa aina nane. Hawa walisema kitu kimoja, macho makavu, na hilo ndilo lililomkera.

Maana flash ilikuwa imeingia, halikuwa jambo la ubishi. Tajudini, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye polisi humwita mambo yanapowashinda, alikuwa ameichokoa mashine ya mapokezi siku nzima na kuandika ripoti ya nusu ukurasa. Jumatatu, saa mbili na dakika hamsini na moja asubuhi, tundu la flash lilifunguliwa kwa neno la siri. Flash ikakaa dakika saba, ikatoka. Kirusi kilichokuja nayo kilijificha hadi saa nane na nusu mchana, ndipo kikaanza kuyafunga mafaili moja baada ya jingine, mashine baada ya mashine. Jumanne asubuhi wafanyakazi walikuta maneno ya Kiingereza kwenye kila skrini, yakidai malipo kutoka kwa watu wasio na sura wala anwani.

Na mafaili yenyewe hayakuwa ya biashara. Shirika la Turabarondera liliwatafutia watu ndugu zao waliopotezana nao wakati wa vita na ukimbizi. Kwa miaka ishirini lilikuwa limekusanya majina, picha, sauti za wazee wakieleza mara ya mwisho walimwona nani na wapi. Watu elfu kumi na moja na mia nne. Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini diski yake ilikuwa imechomekwa kwenye mashine ileile usiku na mchana, na kirusi kiliila pamoja na vingine. Léoncie hakuwa na uwezo wa kuwafuata wezi wa ng'ambo. Alichotakiwa kujua ni nani aliyewafungulia mlango.

Mlango huo ulikuwa na ufunguo mmoja tu. Rénovat, fundi wa kompyuta wa shirika, ndiye aliyekuwa amefunga matundu yote ya flash, na neno la siri alilijua yeye peke yake. Mwezi wa tatu, katika mkutano, alikuwa amemwambia mkurugenzi mbele ya watu, "Siku moja mutalia." Mkurugenzi aliyaweka maneno hayo katika mashtaka yake kama kitisho. Sasa Rénovat alikuwa mahabusu siku ya tatu, na saa sita mchana faili lilitakiwa kuwa kwa mwendesha mashtaka. Baada ya hapo ni Mpimba, na wanaoingia gerezani humo kungoja kesi hawajui watangoja mpaka lini.

Aliagiza Rénovat aletwe.

Rénovat aliingia akishikilia suruali kwa mkono mmoja, kwa sababu mkanda ulikuwa umechukuliwa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye adabu za kuudhi.

"Umekula?"

"Nimekula, afande. Mama alileta."

"Kutoka wapi?"

"Buterere. Na miguu."

"Saa sita unaenda parquet, kwa mwendesha mashtaka. Mama yako anajua?"

Rénovat akapandisha suruali iliyokuwa ikiteleza.

"Flash ilikuwa ya nani?"

"Afande, andika ni mi. Mi njo nilifungua. Antivirus ilikuwa imekufa tangu mwezi wa tatu, nilijua imekufa, na nikafungua. Kosa ni yangu."

"Ulifungulia nani?"

"Ni kosa yangu," alirudia. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Leo ni siku ya ngapi?"

"Ijumaa."

"Apana, ni siku ya ngapi..." Akakatisha, akaziangalia kucha zake.

"Ya ngapi tangu nini?"

Rénovat alianza kuichuna kucha ya kidole gumba. Mtu anayemficha mshirika wake huomba kitu: wakili, simu, sigara. Huyu hakuomba hata maji. Akamrudisha ndani, akaandika swali lile kwenye pembe ya karatasi, akapiga simu kwa Tajudini wakutane ofisini kwa shirika, Nyakabiga.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kawaida nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Mélissa, msichana wa mapokezi, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, mikono juu ya meza, kama mtu aliyekatazwa kuinuka. Kwenye blauzi yake alikuwa amebandika kipicha chenye utepe wa zambarau, vile vinavyovaliwa kwenye maziko. Tajudini alikuwa amefika zamani na tayari amekunywa chai ya watu.

Mkurugenzi, Bwana Bonfils, aliwapokea kwa nadharia mpya. Alikuwa mtu mnene mwenye haraka, na tangu Jumanne alikuwa ametoa nadharia tatu.

"Madame Inspekta, minaona tuangalie na ile email. Mélissa alifungua barua ya mutu hatumujui, imeandikwa facture. Pengine Rénovat alipatana na wale batu, wakatuma barua."

Mélissa aliinamisha kichwa. "Nilifungua ku simu yangu, ni kweli. Nilizani ni bili ya maji."

"Ulifungua lini?" Léoncie aliuliza.

Tajudini alijibu kwa niaba yake. "Jumanne, saa moja na nusu ya asubuhi. Nimeiona. Hakuna kitu ndani, ni matangazo ya matairi. Na wakati ule mafaili yalikuwa yamekwisha kufungwa usiku kucha. Kirusi kilianza Jumatatu saa nane na nusu mchana. Muache mtoto wa watu."

"Saa nane na nusu mchana," Léoncie alisema. "Mashine saba zinafungwa moja moja, mchana kweupe, siku ya kazi. Hakuna hata mmoja aliyeona skrini?"

"Hatukuwa hapa," Mélissa alisema. "Bote tulikuwa ku makaburi ya Mpanda, ku maziko. Bibi ya Muzee Sylvère. Ofisi ilifungwa tangu saa ine ya asubuhi."

Mzee Sylvère, aliyefiwa na mkewe, alikuwa mtunza kumbukumbu wa shirika, na ndiye aliyelianzisha akiwa na kabati moja la chuma na daftari. Jina lake lilikuwa katika orodha ya Léoncie, la kumi na la mwisho, na mbele yake Léoncie mwenyewe alikuwa ameandika: yuko msibani, asisumbuliwe.

Akasogea karibu na blauzi ya Mélissa. Uso wa mwanamke wa makamo, ukiwa umekuzwa kupita uwezo wake mpaka macho yamekuwa ukungu. Rangi zilikuwa nzuri.

"Hii imetoka wapi?"

"Hapa." Mélissa alionyesha mashine ya kuchapia iliyokuwa kando yake. "Ni sisi tuko na ya rangi. Tulichapisha tukatosha na programu ya misa, makaratasi mia mbili."

"Lini?"

"Jumatatu asubuhi, mbele ya kwenda Mpanda."

"Na picha ilifika vipi ndani ya kompyuta?"

"Muzee alileta photo."

"Ya karatasi?"

"Apana. Photo iko mu..." Mélissa alinyamaza. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka mdomoni.

"Mu nini?"

"Mu flash," alisema kutoka nyuma ya vidole.

Tajudini aliweka kikombe chini.

"Mélissa. Juzi nilikuuliza kama flash iliingia hapa."

"Afande, uliniuliza flash." Machozi yalikuwa yameanza, lakini alisema kwa unyofu wa mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Haukuniuliza photo. Muzee alileta photo ya marehemu."

Léoncie hakumkaripia. Flash, mjini Bujumbura, ni kitu cha nyimbo na filamu, cha wanafunzi na ripoti zao, kitu kilichokatazwa kwa tangazo lililobandikwa ukutani pale pale. Kilicholetwa na mjane mwanamume mwenye kofia mkononi hakikuwa flash. Kilikuwa mke wake. Wale watu wanane hawakusema uongo hata kidogo. Na yeye, mpelelezi wa miaka ishirini na miwili, alikuwa amekosea vilevile: aliuliza swali kwa neno lisilo lake, na mtu aliyepaswa kuulizwa akamruka kwa heshima ya msiba. Aliona aibu, na hakujaribu kuificha.

"Nieleze ile asubuhi," alisema. "Yote."

"Muzee alikuya saa mbili na nusu. Maiti iko mu morgue, misa ni saa tano, na karatasi hakuna. Bibi yake hakuwa na photo, afande. Alikuwa na ile ya carte d'identité tu, ya kitambulisho. Walimupigia scan ku secrétariat public, huku chini, fasi wanatosha ma photocopie. Rénovat alimuambia, Muzee, nipe dakika. Akapitisha antivirus. Ikasema rien, hakuna kitu."

"Antivirus ya kufa," Tajudini alisema, "kila kitu ni rien. Mlinzi wa zamu aliyelala hajawahi kuona mwizi." Kwa mara ya kwanza tangu Léoncie amfahamu, hakucheka mzaha wake mwenyewe.

"Rénovat alijua imekufa?"

"Alijua. Aliniangalia, mi nikamuangalia. Lakini nani angemuambia Muzee apana? We ungemuambia?"

Bonfils alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa, katika ofisi yake mwenyewe.

"Mi njo nilisema waongeze," alisema polepole. "Nilisema watoshe mia mbili, badala ya mia." Akajipapasa kifuani, mahali ambapo na yeye Jumatatu alikuwa amebandika kipicha. "Na ile barua ya Rénovat ya kuomba antivirus mupya iko mu tiroir ya meza yangu. Aliniambia siku moja mutalia. Vraiment, alikuwa ananiambia ukweli tu."

"Mzee Sylvère anasemaje?"

Bonfils na Mélissa walitazamana.

"Muzee hajui," Bonfils alisema.

"Hajui nini?"

"Hajui kitu. Hajui mafaili yamepotea. Hajui Rénovat amefungwa. Tulipatana Jumanne, bote, asiambiwe mupaka kiriyo iishe. Siku saba. Rénovat njo alituomba. Alituomba na magoti."

Siku saba za kukaa kilioni tangu maziko. Léoncie alielewa sasa ni siku gani kijana yule alikuwa akizihesabu, na kwa nini. Alikuwa amekaa mahabusu akiomba mdomo wake udumu hadi Jumatatu.

"Basi nitatosha plainte yangu," Bonfils alisema. "Sasa hivi. Tutasema ni ajali."

"Hukujua haya ulipoiandika?"

"Mi nilijua tu mulango ulifunguliwa. Rénovat hakuniambia ni kwa nani, na ile photo... mi pia sikuifikiria, Madame. Sikuifikiria kabisa."

"Faili lina ripoti ya fundi na neno la siri la mtu mmoja aliyekiri. Ukiondoa mashtaka leo, mwendesha mashtaka atasema mnamfichia mwenzenu. Nahitaji flash yenyewe, Tajudini akikute kirusi ndani yake. Na nahitaji mwenye flash aseme ni yake." Aliangalia saa. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. "Hakuna njia nyingine. Ningekuwa nayo ningeipita."

Nyumba ya Mzee Sylvère ilikuwa Ngagara, mtaa wa tatu, na haikuhitaji kuulizwa. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya umeme, na chini yake watu walikaa kwenye viti vya plastiki wakizungumza kwa sauti ndogo. Wote wakamwangalia Léoncie, kisha wakamsogezea kiti na kumletea maji ya chupa, kama anavyofanyiwa kila aingiaye. Aliyapokea. Kukataa kungekuwa kujitambulisha mapema.

Bella, binti wa pekee wa Mzee, alimfikia kabla hajamaliza kuketi. "Mama, we ni wa polisi. Nilikuona juzi ku bureau ya papa." Alikuwa anajua, macho yake yalisema anajua. "Ninakuomba. Jumatatu. Uje Jumatatu."

"Jumatatu Rénovat atakuwa Mpimba, binti yangu."

"Papa atakufa."

Léoncie alimshika Bella mkono, akaingia ndani.

Mzee alikuwa amekaa sebuleni, koti limefungwa vifungo vyote licha ya joto. Léoncie alimpa pole kwa Kirundi, "Mwihangane," naye akaitikia kwa kichwa. Kisha akajitaja kazi yake. Akauliza kuhusu flash ya picha ya marehemu, iko wapi.

"Iko hapa." Aliitoa katika mfuko wa ndani wa koti, imefungwa kwenye leso. "Nilikuwa nataka nimutengeneshee kubwa, ya kuweka pale ku ukuta. Munaitafutia nini?"

Alimwambia. Hakuzunguka, aliona kuzunguka ni kumtesa mara mbili. Alisema flash ilikuwa na kirusi kilichotoka kwenye mashine ya secrétariat, na kwamba kimeingia ofisini, na kwamba mafaili yamefungwa.

"Gani?"

"Yote, Mzee."

"Na copie?"

"Na nakala ya akiba."

Mzee aliifunga flash upya katika leso. Nje mtu alikohoa, mwingine akaburuta kiti. Léoncie alikuwa amewahi kuwapelekea watu habari za vifo, na alijua wengi huuliza mara mbili. Huyu hakuuliza mara ya pili. Maisha yake yote alikuwa upande ule mwingine wa meza, akiwapa watu habari.

"Unajua," alisema hatimaye, "tulioana miaka makumi tatu na moja. Nilitafuta photo ya watu ya Makamba, ya Uvira, ya Kigoma. Nilienda mu makambi, nikabembeleza watu wanipe hata ya ubatizo, nikaenda kuzitengenesha. Ya bibi yangu sikuwa nayo. Siku amekufa nikafungua kabati, nikakuta ile moja ya carte, amekasirika kidogo juu mupiga photo alimukawisha." Alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio, akakiacha kilie. Léoncie naye alilia, waziwazi, bila kugeuza uso.

Alipomaliza kujifuta, Mzee akauliza, "Rénovat anasema nini?"

"Rénovat yuko mahabusu tangu Jumatano. Amesema kosa ni lake. Jina lako amekataa kulitaja."

Hapo ndipo Mzee Sylvère alipoinuka. Bella alikuwa mlangoni na alisema, kwa woga wa watu wa nje zaidi kuliko wa baba yake, kwamba mume aliyefiwa na mke hatoki nyumbani kabla ya siku kutimia, watu watasema nini. Mzee alimsogeza taratibu, akapita chini ya turubai, mbele ya viti vyote.

Kituoni Tajudini alifungua flash kwenye mashine yake isiyounganishwa na kitu chochote. Haikuchukua dakika kumi. "Njo hicho," alisema, akaandika nusu ukurasa mwingine. Mzee alitoa maelezo akiwa amesimama. Alisema flash ni yake, aliileta kwa mkono wake, Rénovat alimfungulia kwa huruma. Alisaini kwa mwandiko ule mzuri wa watu waliofundishwa na mapadri. Bonfils alikuwa amefika na barua ya kuondoa mashtaka, akakaa kwenye benchi la ukumbini akiwa ameishikilia kwa mikono miwili. Saa sita kasoro kumi Léoncie alizungumza na mwendesha mashtaka kwa simu, akamsomea karatasi tatu, akajibiwa aachiwe.

Alikwenda kumfungulia mwenyewe. Alikuwa amechoka, lakini kazi ilikuwa imekwisha vizuri kama kazi inavyoweza kwisha, na, tuseme ukweli, alitarajia asante. Alimkabidhi Rénovat mkanda na viatu vyake.

"Uko huru. Mama yako akija mchana atakukuta nje."

Rénovat hakugusa mkanda. Kupitia mlango ulioachwa wazi alikuwa amemwona Mzee Sylvère ukumbini, na koti lake lenye vifungo vyote, akiangalia ukuta.

"Nani amemuambia?"

"Mimi."

"Bado siku tatu," Rénovat alisema. "Nilikuomba kitu gani, afande? Sikukuomba kitu. Mi ningekaa Mpimba miezi sita, hata mwaka, nikatoka. Muzee, yeye atatoka lini?"

Léoncie alifungua mdomo aseme kwamba sheria ndiyo sheria, na kwamba mama wa Buterere naye ana mwanawe mmoja. Lakini Rénovat alikuwa amekwisha kumpita, bila viatu, suruali mkononi, akaenda kukaa kwenye benchi kando ya Mzee. Hawakusalimiana. Mzee alimuuliza kwa sauti ya chini kama kuna hata faili moja lililobaki, na Rénovat akatikisa kichwa: apana.